Safari ya Ngazija Haitoki Kabla ya Kumi na Tisa

Tangu bendera ya Wabelgiji ishushwe, biro ya Rumonge ilikuwa imetoa karatasi za kwenda Kigoma, za kwenda Uvira, za kwenda Kalemie, na mara moja za kwenda Makka. Za Ngazija hazijawahi kuombwa. Sasa maombi matatu yalikuwa juu ya meza ya Inspekteri Swedi, yamebanwa kwa pini moja, na juu yake Komisere alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Kisiwa gani hiki? Kesho jioni nataka jibu."

Jibu la kisiwa Swedi alikuwa nalo. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, akasoma chuo kwa mwalimu aliyefundishwa na Mngazija, na alijua kwamba Ngazija iko baharini huko, upande wa Madagaska, nchi ya Waislamu watupu chini ya Wafaransa. Alijua pia kwamba mtu wa huku hafiki mpaka avuke ziwa, apande gari la moshi la Kigoma hadi Dar es Salaam, kisha atafute chombo cha bahari kinachoondoka kinapotaka. Alichokosa ni sababu. Mwezi ule wa pili wa mwaka 1972, mtu mmoja akiomba kutoka Burundi serikali iliuliza anakimbia nini. Watatu wakiomba pamoja, iliuliza wanamfuata nani. Komisere alikuwa ameliweka wazi: jibu likimridhisha atatia sinyatire yake kwenye karatasi, lisipomridhisha wote watatu watapelekwa Bujumbura kwenye maswali. Waliopelekwa kule siku hizo hawakupewa tarehe ya kurudi, na Swedi hakupenda hata kidogo kuwa mkono wa kuwapeleka.

Watatu hao walikuwa Sikuzani, mke wa seremala Aruna, shangazi yake Zena, na kiongozi wa safari, Maalimu Nasoro. Boti yao ilikuwa ya Jumamosi asubuhi. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Alianza na wanawake. Waliingia pamoja, shangazi mbele. Sikuzani alikuwa wa miaka ishirini na mitano hivi, amevaa kitenge kipya cha maua mekundu, hina ya Iddi bado iko viganjani, bangili mkono mzima. Swedi alimtazama akawaza kwamba kwa mwanamke aliyeachwa peke yake miezi minne, huyu amependeza kupita kiasi. Ndivyo kazi inavyomharibu mtu.

"Mume wako iko wapi?"

"Iko Ngazija. Alitangulia mwezi wa Shabani pamoja na Maalimu. Barua yake hii hapa, Bwana Inspekteri."

Bahasha haikuwa na tembre ya kubandikwa wala muhuri wa posta.

"Nani aliileta?"

"Maalimu. Mutu wa Kigoma alimupatia mukononi."

"Huu ni mwandiko wa Aruna?"

"Aruna hajui kuandika. Anajua kupima mbao. Ameandikiwa."

Swedi akaisoma kwa sauti, polepole, huku akiangalia uso wake na si karatasi. Aruna alisalimu. Alikuwa amefika salama baada ya siku sita juu ya bahari, ndugu za babu yake wamempokea, kazi ya useremala iko tele. Mke wake amfuate na shangazi, chini ya uangalizi wa Maalimu Nasoro. Wasitoke kabla ya tarehe kumi na tisa ya Mfungo Tatu. Kila mmoja abebe unga wa muhogo kilo tano, ndagala kavu, chupa ya mawese, mkeka, ndimu za kichefuchefu, dawa ya tumbo, na kikombe chenye kamba.

"Kwa nini alitaka kwenda huko?"

Sikuzani alikunja mikono. "Mwaka jana kila biro walimuuliza, baba yako ametoka wapi, babu yako ametoka wapi. Akisema Ngazija wanamucheka, wanasema hiyo nchi haiko. Mwisho akasema, acha niende nione mwenyewe, nirudi na picha."

"Na sasa anasema hatarudi, umfuate."

"Njo hivyo imeandikwa."

"Wewe unaamini?"

"Bwana Inspekteri, mimi sijui mambo ya visiwa. Nataka mume wangu. Akiwa Ngazija nitaenda Ngazija. Angekuwa Kabezi ningeenda Kabezi kwa miguu."

"Ni wewe ulimwambia aende?"

Alimtazama mpaka Swedi akaona aibu ya swali lake. Shangazi Zena ndiye aliyejibu. "Mwanangu, usimuulize hivyo. Alilia wiki mbili. Na huyu Maalimu musimushike vibaya, iko mutu wa dini. Tangu Aruna aende anatuletea samaki kila juma. Hajaingia ndani hata siku moja. Anaweka mulangoni, anabisha, anarudi. Hata usoni hamuangalii huyu mutoto."

"Hata kabla Aruna hajaondoka alikuwa hivyo?"

Zena alifikiri. "Hapana. Wakati ule alikuwa anaingia, anakula, anacheka. Amebadilika tangu arudi Kigoma. Nafikiri ni sababu ya amana. Ameachiwa muke wa mutu."

Swedi aliandika neno hilo, amana, akalipigia mstari. Mtu anayebadilika kuwa mwema ghafla alimtia shaka kuliko mwizi.

Maalimu Nasoro, Swedi alimkuta nyumbani kwake nyuma ya msikiti, anafunga sanduku la vitabu kwa kamba. Alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimechongwa vizuri, sauti ya kusomesha. Miaka mitatu alikuwa Rumonge, na miaka mitatu amewasimulia watu juu ya Moroni alikozaliwa: mlima unaotoa moshi, maua ya langilangi yanayonukia mpaka barabarani, mji wa mawe meusi. Wengine waliamini, wengine walisikiliza tu kwa sababu hadithi haina ushuru.

"Amahoro, Maalimu."

"Amahoro, Inspekteri. Kaa. Najua umekuja kwa ajili ya lesepase zetu za safari."

"Nimekuja kujifunza jiografia. Msikiti mkubwa wa Moroni unaangalia wapi?"

"Bandari. Una nguzo na matao, maji yakijaa yanafika karibu na ngazi."

"Babu yake Aruna ni wa mji gani?"

"Mitsamihuli, kaskazini."

Yote aliyajibu bila kumeza mate. Swedi alijaribu vyakula, alijaribu majina ya masharifu, alijaribu Kingazija chenyewe, maneno matatu aliyoyakumbuka kwa mwalimu wake. Maalimu aliyapokea na kuyarudisha na mengine kumi. Kama alikuwa mwongo, basi alikuwa mwongo aliyesoma.

"Ulimwacha Aruna wapi?"

"Kigoma. Nilimpandisha gari la moshi, nikarudi. Karatasi yangu hii." Muhuri wa kuingia Kigoma ulisema 30 Septemba.

"Na yake?"

"Anayo mwenyewe, si anasafiri nayo?"

"Kwa nini kumi na tisa? Boti ya Kigoma inaenda kila wiki. Mngeweza kutoka Jumamosi iliyopita, mara baada ya Iddi."

Kwa mara ya kwanza Maalimu alichelewa, kiasi cha mtu kufunga fundo. "Meli," alisema. "Inatoka Dar ishirini na sita ya mwezi huu huu. Tukiwahi tunakaa bure mjini, tukichelewa tunaikosa."

"Wakala gani?"

Akamtajia. Swedi alimshukuru, akaenda moja kwa moja posta, akapiga telegramu Dar es Salaam kwa hela ya serikali. Alitoka posta amekasirika. Maalimu huyo hakuwa na kosa lolote, na Swedi hakumwamini hata chembe.

Ijumaa asubuhi na mapema, yeye na polisi wake Amissi walipanda baiskeli kwenda Minago. Amissi, mzaliwa wa Uvira, mtu mnene, alilalamika kila kilima. Walimfuata Alimasi, mwenye boti ya injini, ambaye ndiye aliyewachukua Aruna na Maalimu mwezi ule wa Shabani. Mzee alikuwa nyumbani anakusanya nyavu zake. Dirisha moja la nyumba lilikuwa limefungwa, na ndani alisikika mwanamke akikohoa.

"Musinikasirikie sikuwakaribisha ndani," Alimasi alisema. "Dada yangu Mwanvua iko mu eda. Bwana wake alikufa mwezi wa Ramadhani."

"Pole sana, muze."

"Tumeshapoa. Imebaki wiki chache. Kuna banaume wawili wanapita hapa kila siku wananiuliza habari ya ndagala, na mimi sina ndagala." Alicheka kidogo. "Wanahesabu siku zake kumushinda yeye mwenyewe. Nimewaambia, munangoja mwezi umalize, ndiyo mulete maneno. Sasa mukitaka kuongea mupande, mi naenda kutega."

Wakapanda. Ziwa lilikuwa shwari, milima ya Kongo imejitokeza ng'ambo yote. Alimasi alishika usukani kwa goti na kuwapa kila mmoja kipande cha muhogo na ndagala za kukaanga zenye chumvi nyingi.

"Ndiyo, niliwabeba wawili," alisema. "Tulitoka Rumonge asubuhi, tukafika Kabonga alasiri. Mwezi wa Shabani ulikuwa na siku saba, nakumbuka sababu kesho yake nilikuwa na ndoa hapa Minago."

"Wewe ulirudi. Wao?"

"Walibaki Kabonga. Maalimu alisema watapata mutumbwi wa kuwavusha mupaka."

"Kabonga walilala kwa nani?"

"Sikuuliza. Maalimu alikuwa anajua njia. Alishuka akakata moja kwa moja mu michikichi, Aruna nyuma yake na sanduku la vyombo vya useremala."

Amissi alikuwa amemaliza ndagala zake na za Swedi. Akashika koo. Alimasi, bila kugeuka, akavuta kikombe cha bati kilichofungwa kamba kwenye ubao wa boti, akakitupa nje, akakivuta kimejaa, akampa. Amissi akanywa chote, akakitupa tena, akamchotea mkubwa wake. Swedi alikipeleka mdomoni, akameza mara moja, kisha akabaki amekishika.

"Shefu, maji iko na kitu?"

"Hayana kitu. Ni matamu." Alitoa barua mfukoni. "Soma mwisho hapa. Anasema kila mtu abebe nini?"

"Unga, ndagala, mawese, mukeka, ndimu, dawa, kikombe na kamba."

"Siku sita baharini. Kikombe na kamba cha nini?"

"Cha kuchotea maji," alisema Amissi.

"Haya. Chota, unywe, uniambie ladha yake."

"Ile ni chumvi," Amissi alisema taratibu. "Bahari yote ni chumvi."

"Mtu aliyelala siku sita juu ya bahari, kitu cha kwanza atakachomwambia mke wake ni maji. Beba mtungi, beba dumu, beba galoni, chakula baadaye. Huyu hajataja hata chupa ya maji. Hii ni orodha ya mtu ambaye maisha yake yote, kiu ikimshika, ananyoosha mkono nje ya boti."

Alimasi alikuwa anasikiliza. "Hata mimi ningeandika hivyo hivyo," alisema.

"Hata mimi, muze. Barua hii nimekaa nayo tangu jana. Nimeisoma mara nne sikuona kitu." Lilimuuma, na hakuficha. Mwalimu wake wa chuo alimsimulia bahari miaka mingapi, na bado yeye alibaki mtu wa ziwa hadi kwenye ulimi.

"Lakini Aruna pia ni mutu wa ziwa," Amissi alisema. "Labda ameambia mwandishi hivyo kwa kuzoea."

"Angekuwa ametoka kunywa maji ya kupimiwa siku sita, asingesahau. Aruna hakupanda chombo chochote. Na aliyeitunga barua hii hakuzaliwa Moroni. Mngazija husahau yote, maji ya kunywa hasahau."

Walirudi Rumonge kabla ya adhuhuri. Telegramu ya Dar ilikuwa imefika. Wakala aliyetajwa alijibu kwa maneno machache: chombo cha Ngazija kilitoka mwezi wa kwanza, kingine hakitarajiwi kabla ya mwezi wa nne.

Amissi alipiga ngumi mezani. "Basi tumufunge. Ni mwongo mara mbili."

"Uongo wa meli haumfungi mtu. Atasema alidanganywa. Kaa chini, tufikiri." Swedi aliibandika telegramu karibu na barua. "Mtu anataka kuwatoa wanawake wawili Rumonge. Meli haipo, basi hangoji meli. Boti ya Kigoma iko kila wiki. Mwezi uliopita angeweza, baada ya Iddi angeweza, karatasi zilikuwa zinatoka rahisi kuliko leo. Kila siku anayongoja ni hatari kwake. Na bado ameandika, msitoke kabla ya kumi na tisa. Anangoja nini?"

"Pengine mutu wa ng'ambo. Njo vile Komisere anafikiri."

"Komisere anafikiri hivyo hata kuku wakivuka barabara."

Kwenye ukuta kulikuwa na kalenda mbili, ya serikali na ya msikiti. Swedi alisimama mbele ya hiyo ya pili. Alifikiria wanaume wawili wanaopita kwa Alimasi kuuliza ndagala. Alifikiria samaki wanaowekwa mlangoni, na mtu ambaye zamani aliingia na kucheka, sasa hainui macho. Akaweka kidole kwenye leo, kumi na nane Mfungo Tatu, akaanza kurudi nyuma.

"Toa siku kumi. Nane Mfungo Tatu. Sasa miezi minne. Nane Mfungo Pili, nane Mfungo Mosi, nane Ramadhani." Aligeuza karatasi. "Nane Shabani."

Amissi hakuwa mwepesi, lakini alikuwa Mwislamu. Rangi ilimpotea usoni. "Miezi mine na siku kumi."

"Alimasi aliwashusha Kabonga tarehe saba. Muhuri wa Kigoma ni 30 Septemba, sawa na kumi Shabani, na ni wa mtu mmoja. Tarehe nane walikuwa Kabonga bado. Eda ya Sikuzani inaisha leo jua likizama, Amissi. Ni mtu mmoja tu Rumonge nzima anayejua kwamba ilianza."

Walimngoja baada ya sala ya Ijumaa, kwa adabu, mpaka alipovaa viatu. Maalimu alikuja bila ubishi. Bironi Swedi alimpa kiti kizuri, akamtolea maji, na hakugusa jalada.

"Karatasi zenu ziko karibu tayari. Kabla hujaenda, nina swali la dini. Imamu wetu ni mzee, nimeona nikuulize wewe."

"Uliza."

"Mwanamke mume wake amekufa safarini. Habari imemfikia baada ya miezi. Eda yake inahesabiwa kutoka siku ya kufa au siku ya habari?"

"Siku ya kufa," alisema Maalimu bila kufikiri. Ilikuwa ile sauti yake ya kusomesha. "Wanazuoni wengi wanashika hilo."

"Hata kama hakujua?"

"Hata kama hakujua. Kilichobaki atakikaa. Ikiwa imeshaisha, imeisha, anaolewa akitaka."

"Kwa hiyo mume akifa nane Shabani, leo magharibi mke yuko huru."

Nje mtu alikuwa anaosha gari la Komisere, maji yanasikika yakimwagika. Maalimu alipoanza kusema, Kiswahili chake cha kitabuni kilikuwa kimemwacha, akabaki na cha pwani ya kusini ya ziwa.

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Uliandika tarehe. Sasa niambie iko wapi."

"Kabonga. Nimezaliwa Kabonga mimi. Mambo ya Ngazija nilisikia kwa sharifu mumoja wa Ujiji, nilimufulia nguo miaka saba. Tulipofika, bibi mumoja aliniita na jina ya utoto mbele ya Aruna. Usiku hakulala. Asubuhi akasema, hakuna Ngazija, narudi Rumonge nitawaambia batu wote. Tulikuwa mu mutumbwi. Nilimupiga na kafi. Mara moja tu. Nilikuwa nataka anyamaze."

"Na mke wake, wakati ule hukuwa unamtaka bado?"

Maalimu alikisogeza kando kikombe cha maji.

"Mtu aliyepiga kwa hasira anakimbia, Maalimu. Wewe ulirudi ukaanza kuhesabu siku."

"Nilimutaka," alisema. "Tangu mwaka wa kwanza. Lakini sikumugusa, wala sikumuangalia. Nilimuosha Aruna na mikono yangu, nikamusalia, nikamuzika pembeni ya mama yangu mu michikichi. Kigoma ningemwambia muke wake amekufa, na ningemupa tarehe ya kweli. Kumudanganya mwanamuke juu ya eda, hapana. Ile ni dhambi kubwa."

Alisema hivyo akiwa amenyooka kitini. Swedi alikuwa amewahi kusikia maungamo mengi, ya walevi na ya wezi wa nyavu, na hakuna lililomchukiza kama hili. Aliandika yote mpaka mwisho, akamtia kidole gumba kwenye wino, kisha akatoka nje kupumua. Amissi alitumwa Kabonga na askari wawili na majembe. Kwa Komisere lilikwenda jibu la kurasa mbili, na kwenye maombi ya Ngazija majina ya wanawake wawili yakafutwa. Kuhusu wanawake hao, Swedi aliandika, serikali haina swali.

Kwa lililobaki hakukuwa na wa kumtuma. Alikwenda mwenyewe.

Shangazi Zena alikuwa uani anaanika unga wa safari kwenye jamvi. Sikuzani alikuwa ukumbini amekaa juu ya furushi lililofungwa, na alipomwona tu alisimama, uso umechangamka, akidhani ni karatasi.

"Kaa, dada yangu," Swedi alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Akakaa.

Alimwambia kwa maneno machache, kwa sababu mengi yangekuwa ya kujifariji yeye mwenyewe. Aruna hakuvuka mpaka. Hakuna barua aliyotuma. Alikufa Kabonga, Maalimu ndiye aliyemuua, na amekiri. Kesho atarudishwa azikwe Rumonge.

Zena alipiga ukelele, akaanguka kwenye jamvi la unga. Sikuzani hakusogea. Majirani walianza kusikika wakifungua milango.

"Siku gani?" aliuliza.

"Nane Shabani."

Alianza kuhesabu kwa vidole, kidole gumba kikipita kwenye pingili moja baada ya nyingine, midomo ikienda bila sauti. Swedi alitaka kumsaidia, akajizuia. Alipofika mwisho alirudia tena tangu mwanzo, taratibu zaidi.

"Siku ya Iddi nilijipaka hina," alisema. "Nilienda ndoa ya Chausiku, nikaimba mpaka sauti ikapotea. Nilikuwa na furaha, Bwana Inspekteri. Miezi yote hii nilikuwa nangoja mutu, nina furaha."

"Hukujua."

"Eda inaisha lini?"

"Leo. Jua likizama."

"Sasa ni saa ngapi?"

Alitazama saa yake. "Saa tisa na dakika kumi."

Sikuzani alianza kuvua bangili, moja moja, akiziweka sakafuni mbele yake bila kuzirusha. Moja ilikataa kupita kwenye gumba, akalamba kifundo, akaivuta, ngozi ikachubuka kidogo. Kisha akavuta kanga nyeupe ya shangazi iliyokuwa kwenye kamba, akajifunika kitenge chote cha maua, akasogea mpaka pembe ya chumba, mgongo ukutani, uso mbali na mlango. Majirani walikuwa wameshafika kizingitini na vilio vyao.

"Shangazi," aliita, na Zena akanyamaza. "Waambie batu wangoje nje. Na huyu mwanaume atoke. Nimebaki na saa tatu."